Habari za Vitabu vya Kuwafundisha Watoto Kusaidia Wengine

Katika kazi zote za mwalimu wa watoto wadogo, hapana iliyo ngumu kuliko kumfundisha mtoto kumsaidia mwenzake kwa moyo. Kusoma kuna herufi zake, na hesabu ina tarakimu zake. Bali moyo wa kusaidia hauna ubao wa kuuandikia. Kwa hiyo tangu zamani watu wametumia hadithi kuutia moyo huo, na vitabu vilipoanza kupigwa chapa kwa ajili ya watoto, jambo hili likawa miongoni mwa mambo ya kwanza kuandikwa.

Nia ya makala hii ni kueleza habari za vitabu vya namna hiyo vilivyotokea Uingereza tangu mwaka wa 1744, nchi ambayo walimu wake walileta huku kwetu namna zao nyingi za kufundisha. Kisha tutaviweka kando ya kisa kimoja cha Unguja, tupate kuona ni nini ambacho kila upande waweza kumfunza mwenzake.

Kwanza tuyaangalie maneno, maana lugha ni ghala ya mila. Neno *kusaidia* asili yake ni Kiarabu, na kadhalika *kuauni*, *kunusuru*, *kufadhili* na *hisani*. Maneno haya hayafanani. Kunusuru ni kumtoa mtu hatarini. Kufadhili ni tendo la mwenye nacho kwa asiye nacho, na aliyefadhiliwa hubaki na deni moyoni. Hisani ni wema atendao mtu pasipo kulazimika. Lakini tukirudi kwenye maneno ya Kibantu yenyewe, twaona habari nyingine. Mtu mwenye mzigo mzito hawezi kuuinua peke yake hata kichwani. Hana budi apate wa *kumtwika*. Akifika, ataka wa *kumtua*. Na akionekana njiani anakuja, mtoto hukimbia *kumpokea*. Neno hili moja, kupokea, ni kumkaribisha mgeni na ni kumwondolea mzigo wake pia. Basi kwa asili ya lugha yetu, mtoto hujifunza kusaidia katika mzigo, kabla hajajua kitabu ni nini.

Mithali nazo zimegawanyika. Moja yasema, "Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani." Nyingine yasema, "Wema hauozi," yaani malipo yake yatakuja hata kama yakichelewa. Na ya tatu yaonya, "Fadhila za punda ni mateke." Mithali hizi tatu ni maswali matatu: Je, mtoto afundishwe kusaidia akitazamia malipo? Au asitazamie kitu? Na aliyesaidiwa, wajibu wake ni nini? Tutaona ya kuwa vitabu vya Uingereza vilianza na swali la kwanza, vikaenda hata la pili. La tatu havikulishughulikia sana.

Kitabu cha pini kumi

Katika mwaka wa 1693 mwanafalsafa John Locke aliandika juu ya malezi, akashauri ya kuwa mtoto afundishwe kusoma kwa namna ya mchezo, si kwa kuchapwa, na apewe hadithi za Esopo zenye picha. Miaka hamsini na mmoja baadaye, mwenye duka la vitabu jijini London, jina lake John Newbery, aliyashika mashauri hayo. Mwaka wa 1744 alitoa kitabu kidogo kiitwacho *A Little Pretty Pocket-Book*. Kitabu peke yake bei yake ilikuwa peni sita; na kwa peni nane mnunuzi alipata kitabu pamoja na mpira kwa mvulana, au kimto cha kuchomekea pini kwa msichana.

Mpira ule na kimto kile vilikuwa na upande mwekundu na upande mweusi. Ndani ya kitabu mlikuwa na barua iliyoandikwa kana kwamba imetoka kwa Jack, muuaji wa majitu katika hadithi za Waingereza. Barua ilieleza ya kuwa kila mtoto akitenda jema, pini ichomwe upande mwekundu. Akitenda baya, pini ichomwe upande mweusi. Pini kumi nyekundu zilimletea peni moja. Pini kumi nyeusi zilimletea fimbo.

Wasomaji watacheka, nami nakubali kwamba ni jambo la kuchekesha. Lakini lisidharauliwe. Newbery alikuwa wa mbele katika kuona kwamba mtoto ataka kitabu chake mwenyewe, kidogo, kizuri cha kutazama. Jina lake likahifadhiwa Marekani, ambako tangu mwaka wa 1922 hutolewa nishani ya Newbery kwa kitabu bora cha watoto. Hata hivyo twaona hapo penye mzizi wa tabia moja iliyoenea kotekote mashuleni: wema wa kuhesabiwa. Mtoto wa pini husaidia huku jicho lake li kwenye mto.

Mwaka wa 1765 Newbery alitoa kitabu kingine, *The History of Little Goody Two-Shoes*, ambacho mtunzi wake hakuliandika jina lake. Ni habari za Margery, mtoto yatima aliyekuwa na kiatu kimoja tu. Alipopewa jozi nzima alifurahi mno, akawaonyesha watu wote viatu vyake viwili, na jina lake la utani likatoka hapo. Margery alijifunza kusoma kwa kuazima vitabu vya watoto waliotoka shule. Kisha akachonga herufi za mbao, akazitia kikapuni, akawa anapita nyumba kwa nyumba kuwafundisha watoto wa maskini. Hata mwisho akawa mkuu wa shule. Alikuwa na chombo cha kupimia hewa, akawaambia wakulima wakati wa kukata majani yao kabla ya mvua. Na kwa ajili hiyo watu wengine wakamsingizia uchawi.

Nadhani mwalimu ye yote aliyepata kufundisha kijijini ataitambua sura hii. Msaada wa Margery si sadaka ya fedha, maana hana. Ni maarifa, nayo aligawa yale yale aliyoyapata kwa shida. Lakini mwisho wa kitabu warudi kwenye pini: Margery aolewa na bwana tajiri, apata mali nyingi, naye awafadhili maskini. Mtoto asomaye aambiwa kwa siri kwamba wema ni njia ya kufikia gari la farasi.

Kitabu cha huruma

Baada ya Newbery wakaja wanawake waandishi waliokuwa walimu hasa. Anna Barbauld alitoa *Lessons for Children* katika miaka ya 1778 na 1779, kwa herufi kubwa na nafasi pana pembeni mwa kurasa, ili macho ya mtoto mdogo yasichoke. Sarah Trimmer naye alitoa *Fabulous Histories* mwaka wa 1786. Humo mna familia mbili: ya watoto Harriet na Frederick, ambao huwapa ndege makombo ya mkate, na ya ndege wenyewe, wazazi na makinda yao manne. Watoto wafundishwa kuwahurumia viumbe wadogo, na makinda nao wafundishwa kutii na kusaidiana kiotani. Bibi Trimmer alikuwa mwangalifu sana. Alionya mwanzoni mwa kitabu ya kuwa watoto waelezwe kwamba mazungumzo ya ndege ni ya kubuni, wasije wakadhani ndege husema kweli.

Hapa pana hatua mbele. Mtoto wa Bibi Trimmer hapewi peni. Huwalisha ndege kwa kuwa wana njaa. Lakini hatari nyingine ilizaliwa. Vitabu vya namna hii vilipozidi, hadithi zikawa kama kanzu iliyovishwa mahubiri, na mtoto aliweza kuyaona mahubiri kupitia kanzuni. Bibi Trimmer mwenyewe, katika jarida lake la mwaka 1802 hata 1806, alizishutumu hadithi za kale za maajabu. Mwaka ule ule wa 1802 mwandishi Charles Lamb alimwandikia rafiki yake Coleridge akilalamika kwamba vitabu vya akina Bibi Barbauld vimeziondoa hadithi za kale madukani, na watoto wanashibishwa maarifa makavu.

Twaweza kuona pande zote mbili zilikuwa na haki. Hadithi isiyo na adili ni kama mtumbwi usio na nahodha. Na adili lisilo na hadithi ni nahodha asiye na mtumbwi, apigaye kelele ufukoni.

Kitabu cha siri

Aliyezipatanisha pande hizi mbili ni mwanamke wa Yorkshire, Juliana Horatia Ewing. Alizaliwa mwaka wa 1841 huko Ecclesfield, binti wa kasisi. Mama yake, Margaret Gatty, alikuwa mwandishi. Mume wake, Alexander Ewing, ndiye aliyetunga sauti maarufu ya wimbo wa kanisa juu ya Yerusalemu ya dhahabu, na wasomaji wetu wengi wameiimba bila kujua jina lake.

Mwaka wa 1865 Juliana, kabla hajaolewa, alitoa gazetini hadithi iitwayo *The Brownies*. Mwaka wa 1870 ikatoka katika kitabu chenye picha za George Cruikshank. Brownie, katika imani za kale za Uskoti na kaskazini ya Uingereza, ni pepo mdogo wa nyumbani. Usiku watu wakilala yeye hufagia, hupanga vyombo, kisha hutoweka kabla ya mapambazuko asionekane.

Katika hadithi hiyo yuko fundi cherehani maskini, mjane, mwenye wana wawili, Tommy na Johnnie, wavivu wasioshika kazi ya nyumbani. Bibi yao asimulia kwamba zamani nyumba ile ilikuwa na Brownie. Tommy atamani arudi, ili yeye asifanye kazi. Usiku wa mbalamwezi aenda kumwuliza bundi mzee. Bundi amtuma ziwani, azunguke mara tatu, atazame majini, na atakayemwona ndiye Brownie. Na jina lake litakamilisha kina cha maneno aliyofundishwa. Tommy atazama, aona sura yake mwenyewe tu. Arudi kwa bundi kusema hakuona mtu. Hapo ndipo aelezwa: Brownie wa nyumba ni watoto wenyewe wakipenda. Wasipopenda huwa pepo wa namna nyingine, wenye kuharibu na kusumbua.

Basi wale wavulana huamka kabla ya alfajiri, hufagia, huwasha moto, hutengeneza chumba, kisha hurudi kulala. Baba huamka na kushangaa, adhani Brownie amerudi. Mwishowe siri yafichuka.

Angalieni jinsi jambo lilivyogeuka. Katika kitabu cha mwaka 1744 wema huchomwa pini ili uonekane. Katika hadithi ya mwaka 1865 wema hufichwa, na furaha yake imo katika kufichwa. Tena hakuna mahubiri ya mtu mzima. Mtoto ajiona mwenyewe majini, na adili lamjia kama kitendawili kilichoteguliwa. Kitendawili kikitegulia kinywani mwa mtoto mwenyewe hakisahauliki.

Wala mambo hayakuishia kwenye karatasi. Mwaka wa 1866 mama yake Juliana alianzisha gazeti la watoto, *Aunt Judy's Magazine*, na jina hilo la Judy lilikuwa jina la utani la Juliana mwenyewe kwa kuwa ndiye aliyekuwa msimulizi wa nyumba yao. Wasomaji wake, watoto, walichanga fedha, na mwaka wa 1868 wakatoa kitanda kwa ajili ya mtoto mgonjwa katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, iliyofunguliwa mwaka wa 1852. Bibi Ewing alifariki mwaka wa 1885.

Jina la hadithi yake likavuka mipaka ya vitabu. Mwaka wa 1908 Robert Baden-Powell alitoa kitabu cha skauti, akawataka wavulana watende tendo moja jema kila siku. Mwaka wa 1914 kilianzishwa kikundi cha wasichana wadogo, kikaitwa kwa jina la vichipukizi vya waridi. Wenyewe hawakulipenda jina hilo, na mwaka wa 1915 wakaitwa Brownies. Baden-Powell mwenyewe alikaa Nyeri, Kenya, tangu mwaka wa 1938, akafa huko tarehe 8 Januari 1941, akazikwa huko huko.

Ugumu wa kuihamisha hadithi, na kisa cha paa

Sasa mwalimu akitaka kuisimulia hadithi ya Brownie kwa Kiswahili, atakutana na vizuizi vitatu. Cha kwanza ni bundi. Kwa Waingereza bundi ni mfano wa hekima. Kwetu akilia juu ya paa la nyumba, watu husema ni uchuro, na mtoto aliyetumwa usiku kwa bundi ametumwa kwa mauti. Cha pili ni ziwa. Mama gani wa pwani atamwacha mwanawe atazame majini usiku wa manane, na watu husema kwamba majini hukaa humo? Cha tatu ni Brownie mwenyewe. Tumwiteje? Zimwi hula watu. Kibwengo hudhuru. Pepo hupanda kichwani na kudai ngoma. Katika hesabu yote ya viumbe hivyo, hapana amfagiliaye mtu nyumba bure.

Lakini msaidizi wa ajabu hakukosekana katika hadithi zetu; ni mnyama. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka wa 1864 na kuwa askofu mwaka wa 1874, alikusanya ngano kutoka vinywani mwa wenyeji, akazipiga chapa mwaka wa 1870 katika kitabu chake *Swahili Tales*. Humo mna kisa cha Sultani Darai. Maskini mmoja alikuwa akichakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja aliokota thumuni, akanunua paa mdogo kwa thumuni ile, na watu wakamcheka. Paa akasema kama mtu. Akaokota almasi, akaenda nayo kwa sultani, akasema ametumwa na bwana wake Sultani Darai. Kwa werevu na ushujaa wa paa yule maskini akapata mke, binti wa sultani, na nyumba kubwa iliyokuwa ya nyoka mwenye vichwa saba, ambaye paa alimwua.

Kisha paa akaugua. Akamtuma kizee aende kumwambia bwana. Bwana akaamuru apikiwe uji wa mtama mbovu, akisema ya kuwa mnyama mwenyewe alimnunua kwa thumuni tu. Paa akafa kwa huzuni kuliko kwa ugonjwa, naye akatupwa kisimani. Mkewe yule bwana, aliyemlilia paa, akaota yuko kwa baba yake, akaamka akajiona yuko huko. Na yule bwana akaota yuko jaani akichakura punje, akaamka, na tazama, yuko jaani, vumbi tupu.

Kisa hiki kilisimuliwa Unguja katika siku ambazo soko la watumwa lilikuwa wazi bado. Lilifungwa mwaka wa 1873. Msikilizaji wa zamani zile, aliyesikia habari za mtumishi aliyenunuliwa kwa fedha kidogo, akamtajirisha bwana wake, akanyimwa uji mzuri alipougua, hakuhitaji kuelezwa maana. Na miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa misheni ya Unguja walikuwamo watoto waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kwa watoto hao, tofauti ya kusaidia na kutumikishwa haikuwa somo la kitabuni.

Hapa ndipo kisa cha Unguja kinapoujaza upungufu wa vitabu vya Uingereza. Newbery, Trimmer na Ewing wote waliandika juu ya asaidiaye: apate peni, apate huruma, apate furaha ya siri. Msimulizi wa Unguja alimgeukia aliyesaidiwa, akamwuliza: wewe uliyetwikwa na kutuliwa, je, unamkumbuka aliyekutwika? Mtoto afundishwapo kusaidia tu, asifundishwe kuutambua msaada alioupata, atakua akijiona mfadhili wa ulimwengu. Na mtu mzima asiyekijua kisa cha paa atawaita watoto wasaidizi, kumbe amewafanya watumishi.

Neno kwa walimu

Jambo hili latuhusu sisi zaidi kuliko wengine. Ziko shule ambazo mtoto huteka maji ya mwalimu, huchanja kuni zake na kulima shamba lake, na daftarini huandikwa kwamba amefundishwa kusaidia. Kutumwa si kusaidia. Mtoto atumwaye hana nafasi ya kukataa, na palipo na lazima, wema haujulikani kama upo au haupo. Yeye hujifunza jambo moja tu: kwamba siku moja akiwa mkubwa atapata wa kumtuma.

Basi tuchaguapo hadithi kwa watoto wadogo, twaweza kuipima kwa maswali matatu yaliyotoka katika habari hizi. Je, mwema wa hadithi hii angetenda vile vile kama asingaliolewa na tajiri mwishoni? Je, adili limeachwa mtoto aligundue, au limepigwa msumari juu ya mlango? Na je, aliyesaidiwa ana uso na jina na wajibu, au ni maskini tu aliyewekwa pale ili mwema apate kung'aa?

Wala tusiogope kuzibadili hadithi za kigeni. Mwalimu aweza kumwacha bundi huko Yorkshire, akamweka babu mzee. Akaliacha ziwa, akaleta mtungi wa maji asubuhi, mtoto ainamapo kuchota na kuiona sura yake. Siri ya watoto wale wawili haihitaji pepo. Yahitaji mama aamkaye akakuta uwanja umekwisha fagiliwa, na watoto waliolala wakijifanya usingizi, huku wakibana vicheko chini ya shuka.